Sauti Kwenye Droo

Sehemu ya Saba

"Unatafuta nini kwenye droo yangu?"

Mkono ulikuwa mzito, na ulikuwa begani kwa Paskalia. Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, msomaji wangu: fimbo ya deki mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika droo ya meneja iliyofunguka vidole vitatu, na ndani ya droo simu inawaka.

Hakugeuka haraka. Paskalia si mtu wa haraka. Alisoma kwanza kilichoandikwa kwenye kioo cha simu, akakiweka kichwani, ndipo akageuka.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Nimekuuliza swali."

Alikuwa Bwana Gervas mwenyewe, meneja wa Mlima Mbichi, kampuni ya pale Kihonda inayokusanya mboga za wakulima wa milima ya Uluguru na kuzipeleka mashuleni na mahotelini. Shati jeupe, funguo mkononi.

"Simu imewaka, bosi. Nilikuwa nadeki. Ni Mzee Severini wa Mgeta, ametuma voisi. Dakika nne na sekunde kumi na moja."

"Kwa hiyo?"

"Leo Jumanne."

"Na Jumanne imekukosea nini?"

"Mzee Severini hutuma Alhamisi, bosi. Akitoka misa ya asubuhi anapanda kwenye jiwe lililo juu ya kanisa, maana hapo ndipo mtandao unapopatikana. Anatuma, anashuka, anazima simu. Miaka minne sijamsikia Jumanne hata moja. Kuna jambo."

Gervas alicheka kwa pua. Akaifunga droo kwa goti, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mfukoni.

"Njoo hapa."

Akamtoa mpaka ukumbini, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta kilichotundikwa ukutani. Juu kimeandikwa MEZA MOJA. Chini yake majina ya wafanyakazi wote, na mbele ya kila jina idadi ya kazi alizonazo siku hiyo. Magreth wa chumba cha kufungashia, kumi na nne. Bartholomeo dereva, sita. Majina yalishuka, yakashuka, mpaka la mwisho kabisa.

Paskalia. Sifuri.

"Unaiona ile sifuri? Ijumaa wakubwa wanatoka Dar. Watasimama hapa hapa. Wakiniuliza huyu binti anakula mshahara wa nini, niwajibu nini?"

"Nadeki, bosi. Nasafisha vyoo. Nachemsha chai."

"Kudeki hakumo. Chai haimo. Kazi ambayo haipo Meza Moja si kazi. Na simu ile haipo Meza Moja. Tumeelewana?"

Akaondoka. Alikuwa na kikao mjini. Gari lake likatoka getini, na Paskalia akabaki na ndoo yake mbele ya sifuri.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, nikuambie upesi maana muda wenyewe hatuna.

Mahali penye kioo kile palikuwa na ukuta mweusi. Kampuni ilikuwa na programu ya oda za wateja, programu ya magari, programu ya chumba cha baridi, barua pepe, na simu moja ya wasapu ambayo namba yake ilichapwa kwenye kila gunia. Kila kimoja kilikuwa na kazi zake, na hakuna kilichojua mwenzake kinasema nini. Gari likiambiwa liende Mgeta, chumba cha baridi kinaambiwa hakuna mzigo. Karani aliyekuwepo alichoka, akaacha kazi.

Ndipo mfagiaji, binti wa darasa la saba kutoka huko huko Mgeta, akaanza kufungua vyote vitano kila asubuhi saa kumi na mbili, anasoma polepole kwa kidole, anasikiliza sauti za wakulima, halafu anaandika ukutani kwa chaki. Nani anafanya nini, wapi, kabla ya saa ngapi. Hakuna aliyemtuma. Aliona watu wanagongana, akaona aandike.

Miaka minne watu walisimama mbele ya ukuta ule na vikombe vya chai, wanamwita. "Paskalia, leo nina nini?" "Paskalia, hiyo ya saba umeandika kwa mguu?" Asubuhi moja jina lake liliitwa mara thelathini na moja. Alizihesabu.

Kisha ikaja Meza Moja, kutoka Dar, ikavikusanya vyote vitano kwa dakika moja. Ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Simu ikafungiwa kwenye droo. Watu wakaanza kutazama viganjani mwao.

Ni wiki tatu sasa. Jana jina lake halikuitwa hata mara moja. Alirudi chumbani kwake, akapika ugali wa mtu mmoja, akagundua kwamba tangu asubuhi hajafungua mdomo ila kwa kupiga mswaki.

Turudi ukumbini.

Paskalia alitoa simu yake ndogo mfukoni mwa aproni. Namba ya Mzee Severini aliijua kwa moyo. Akapiga.

"Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Bila shaka. Mzee alikuwa ameshashuka jiweni.

Akatazama kioo. Alikuwa na subira ya kusoma mstari kwa mstari, na akaupata: Bartholomeo. Chukua njegere kwa Severini, Mgeta. Magunia kumi na mawili. Peleka shule ya bweni ya wasichana, Mazimbu. Chakula cha mchana.

Akausoma tena kwa kidole.

Njegere za Mzee Severini. Na Mzee Severini kapanda jiweni Jumanne.

Magreth alipita na kreti za karoti, macho kwenye simu.

"Magreth, samahani. Gari la Mgeta linafika hapa saa ngapi?"

"Angalia Meza Moja."

"Sina Meza Moja."

"Basi muulize mwenye nayo." Alikuwa ameshapita hatua tatu. Akarudi moja, pengine kwa haya. "Halifiki hapa, shoga. Siku hizi linakwenda moja kwa moja shuleni. Mfumo umeona kuja hapa ni kupoteza mafuta."

"Na kuoshwa? Na kukaguliwa?"

"Hizo zilikuwa kazi mbili, mfumo umezifanya moja. Mimi usiniulize, naambiwa tu."

Akaenda zake.

Sasa msomaji, weka hesabu hii kichwani. Wasichana mia nne, mlo wao saa saba. Njegere zinaingia jikoni saa nne. Na saa ya ukumbini ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Paskalia aliweka ndoo chini, akaenda kwenye chumba kidogo cha mwisho, akabisha.

"Karibu, ingia, mlango hauna dini."

Ndani alikuwa Sufiani, kijana aliyeileta Meza Moja kutoka Dar na kuambiwa akae mwezi mzima mpaka itulie. Miguu juu ya kiti, muhogo wa kukaanga mkononi.

"Dada Paskalia! Leo hata mimi nimekumbukwa? Au nimemwaga chai tena?"

"Kaka Sufiani, zile sauti za wakulima zinaingia Meza Moja?"

Sufiani aliacha kutafuna.

"Sauti? Hapana. Inasoma maandishi tu. Mkulima akiandika 'leteni gari', inaichukua, inaifanya kazi, inampa mtu. Akiongea, haisikii. Nilimwambia bosi siku ya kwanza kabisa. Akasema watajifunza kuandika."

"Hawataandika."

"Wote wana simu, dada."

"Simu wanazo. Mzee Severini ana miaka sabini na miwili, kidole chake kimoja kinabonyeza herufi nne. Na hata angejua, hawezi kukuandikia mtu asiyekusalimia kwanza. Ametuma leo. Nataka nimsikie kabla gari halijashusha."

"Simu iko wapi?"

"Kwenye droo ya bosi. Amefunga."

"Basi imekula kwetu."

Paskalia hakuondoka. Alisimama pale pale mlangoni, mikono ndani ya aproni, anamtazama. Alijua kusimama. Miaka minne alisimama mbele ya ukuta.

Sufiani akasogeza muhogo pembeni. Akajikuna shingo.

"Ila sasa," akasema polepole, "ile namba mimi niliiunganisha na kompyuta hii, ili mfumo uvute meseji. Na sijaitoa."

"Fungua."

"Dada, bosi akijua..."

"Fungua, kaka. Nitasema ni mimi."

Akafungua. Jina la Mzee Severini lilikuwa juu kabisa. Sufiani akabonyeza, na chumba kikajaa upepo wa mlimani, na kuku, na sauti ya mzee anayehema.

"Paskalia mwanangu, habari za huko Kihonda? Umeamkaje, mama? Wenzako hawajambo? Bosi wenu hajambo? Na yule mama anayefungasha, mguu wake umepoa? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha toka Ijumaa, njia ya juu ina utelezi, mimi mwenyewe nimeanguka mara moja, lakini si kuumia. Mama mkwe wa Castory tumemzika Jumamosi, watu walijaa, hata wa Kinole walifika..."

Paskalia alishika ukingo wa meza. Wiki tatu. Wiki tatu hakuna aliyemuuliza ameamkaje.

"... na yule mbuzi wangu mweupe kazaa, mwanangu, kazaa mapacha, mmoja ana doa jicho moja kama kapakwa wanja..."

Sufiani akasimamisha. Anacheka.

"Dada'angu, mzee anasalimia tu. Dakika nzima na nusu, mara msiba, mara mbuzi! Anajisikia mpweke huko, anatafuta wa kupiga naye stori. Hakuna kitu hapa."

"Endelea."

"Dada..."

"Kaka Sufiani, kwetu mtu hakuvamii na jambo zito. Anakusalimia, anakupa habari za waliokufa na waliozaliwa, mpaka ahakikishe umekaa. Akisalimia sana ujue jambo lenyewe ni kubwa. Huyu kafika kwenye mbuzi. Endelea."

Akaendelea. Mbuzi akaisha. Ikaja pampu ya maji iliyoharibika. Ikaja homa ya mke wake, Rosa. Dakika ya pili ikaisha, ya tatu ikaisha. Sufiani anatazama saa ya ukutani. Paskalia anatazama mstari wa sauti unavyosogea.

"Basi mwanangu," mzee akasema, na sauti ikabadilika, "sasa nikuambie kilichonipandisha jiweni siku isiyo yangu. Nimetoka kliniki asubuhi hii, nafika nyumbani nakuta gari lenu limekuja, limechukua njegere za shamba la juu. Rosa anasema dereva kaja na simu, simu inasema magunia kumi na mawili, naye kampakizia. Mwanangu, si nilikuambia Alhamisi? Shamba lile nimelipiga dawa ya wadudu Jumatano. Ile kali, ya chupa nyekundu. Chupa inasema siku kumi na nne. Leo ni ya sita. Njegere zile zisiliwe, mama. Zisiliwe na mtu. Nilikuambia Alhamisi, Paskalia. Ulinisikia?"

Upepo. Kuku. Voisi ikaisha.

Muhogo ulikuwa umeanguka sakafuni na hakuna aliyeuokota.

"Mama yangu," Sufiani akanong'ona.

"Gari liko wapi?"

Vidole vya Sufiani vikaruka juu ya kompyuta. Ramani ikafunguka. Doti ya bluu ilikuwa imeshashuka kutoka Mgeta, imeshapita Mzumbe, inakuja na barabara kuu.

"Dakika ishirini. Ishirini na tano akikuta foleni."

"Msimamishe."

"Namsimamisha." Akaandika kazi mpya: Bartholomeo, simama, usishushe mzigo. Akabonyeza.

Kioo kikajibu kwa maandishi mekundu: Kazi ya kusimamisha gari inasubiri idhini ya meneja.

"Wewe si ndiye uliyeitengeneza?"

"Niliitengeneza alivyotaka yeye!" Akapiga simu kwa Gervas. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa upesi zaidi.

"Mpigie Bartholomeo."

Akampigia. Iliita mpaka ikachoka.

"Hapokei. Na kosa ni letu tena, dada. Mfumo unarekodi. Dereva akipokea simu akiwa anaendesha, anakatwa alama."

"Shule?"

"Humu kuna barua pepe yao tu. Nani anasoma barua pepe jikoni?"

Doti ilisogea. Dakika kumi na nane.

Paskalia alifumba macho. Kuna kitu alikijua ambacho hajawahi kumwambia mtu, na ni leo tu ninakwambia wewe, msomaji, ukakae nacho. Bartholomeo dereva, mtu mzima wa miaka hamsini, anayevaa kofia moja mwaka mzima na kutukana kwa lugha nne, kusoma kwake ni kwa shida. Paskalia alikigundua mwaka wa kwanza, alipomwona anasimama mbele ya ukuta na kusubiri wenzake waseme kwa sauti. Kesho yake akaanza kumtumia kazi zake kwa voisi, kila asubuhi, kwa namba ya ofisi, kana kwamba anafanya hivyo kwa madereva wote. Naye Bartholomeo aliziweka kwenye spika ya gari, kwa sauti ya juu, kama redio.

Simu za kupigiwa hapokei. Ila voisi ya namba ya ofisi...

"Kaka Sufiani, hii kompyuta inaweza kutuma sauti?"

"Inaweza."

"Ya namba ile ile?"

Akamwelewa. Akamsogezea kiti, akamwonyesha pa kubonyeza, mwenyewe akasimama nyuma.

Paskalia alibonyeza. Sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka, kama bomba lililofungwa muda mrefu. Akaacha, akameza mate, akabonyeza tena.

"Mjomba Bartho. Ni Paskalia. Shikamoo. Usishushe njegere. Zina dawa. Popote ulipo, simama, usiache gunia hata moja liingie jikoni. Mjomba, nakuomba. Ni mimi."

Ikaenda. Alama ya kipaza sauti pembeni ikabaki kijivu. Kijivu maana yake hajasikiliza.

Dakika kumi na mbili.

Tisa.

Doti ikaacha barabara kuu, ikakata kona ya kuingia Mazimbu.

"Sikiliza, mjomba," Paskalia alikuwa anasema peke yake, "sikiliza, sikiliza."

Nne. Mbili. Doti ikaingia kwenye kamraba kadogo kalikoandikwa jina la shule, ikasimama. Na kwenye kioo cha ukumbini, mbele ya jina la Bartholomeo, mstari ukageuka kijani kibichi kabisa, na kengele ndogo ya furaha ikalia.

Kazi imekamilika.

Sufiani akakaa sakafuni. "Tumechelewa," akasema. "Dada, tumechelewa."

Paskalia hakukaa. Alikuwa anatazama alama ile ndogo ya kijivu. Hakuiondolea macho. Alitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Ikageuka bluu.

Sekunde kumi. Ishirini. Kisha kompyuta ikalia, na sauti ya Bartholomeo ikapasua spika.

"Paskalia! Wewe mtoto ulikuwa wapi? Mimi nikadhani umeolewa, umetutupa! Marahaba! Nimekusikia. Hii simu yao nimebonyeza kijani nikidhani ndiyo ya kufungua bodi, kumbe ndiyo nimemaliza kazi, mambo gani haya! Gunia moja lilikuwa tayari begani kwa mpishi, nimemwambia rudisha, ananiambia mzee una wazimu, nimemwambia ndiyo, ninao. Hakuna lililoshuka. Nimelalia mzigo hapa mimi mwenyewe. Nifanye nini? Niambie wewe. Leo nina nini?"

Leo nina nini.

Paskalia akageuza uso ukutani. Mabega yalimtikisika. Sufiani, aliyelelewa pamoja na dada wanne, alijua kutazama pengine.

Alipotulia alibonyeza. Sauti safari hii ilitoka. "Rudi nazo Kihonda, mjomba. Zifungie peke yake. Waambie jikoni wapike maharage."

Akainuka aende kwenye ndoo yake. Na angekwenda. Lakini Sufiani alimshika kiwiko.

"Dada. Hebu tazama hapa."

Alikuwa ameshuka chini kwenye orodha. Majina, na pembeni ya kila jina doti ya kijani ya ujumbe usiosikilizwa. Akashuka zaidi. Doti. Doti. Doti.

"Arobaini na tatu," Sufiani alisema. "Zote za wiki hizi tatu. Zote sauti."

Akabonyeza moja bila kuchagua. Mama Ester wa bonde la chini: "Paskalia mwanangu, umeamkaje, mbona kimya? Nimekukosea?" Akabonyeza nyingine. Castory: "Dada Paskalia, au umehama? Nimemuuliza dereva, anasema upo tu. Upo tu ndio nini?" Nyingine, mwanamke asiyejitaja jina: "Paskalia, nilitaka tu kusikia kama u mzima."

Siku zile zote alizokula ugali wa mtu mmoja, siku zile zote alizohesabu jina lake na kupata sifuri, lilikuwa linaitwa. Lilikuwa linaitwa ndani ya droo, hatua kumi kutoka alipokuwa anadeki.

"Zote hazijasikilizwa?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Zote." Kisha Sufiani akaacha kushusha orodha. Akasogeza uso karibu na kioo. "Hapana. Subiri."

Akarudi juu, kwa Mzee Severini. Ujumbe wa leo walikuwa wameusikia sasa hivi, wao wenyewe. Lakini juu yake kulikuwa na mwingine. Wa Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Ule wa kupiga dawa. Dakika tano na sekunde mbili.

Alama yake ilikuwa ya bluu.

"Umeufungua wewe?"

"Sijawahi kugusa hata mmoja, dada. Wallahi."

"Sasa nani kausikiliza?"

Hawakuhitaji kujibizana. Simu ilikuwa kwenye droo, na droo ina ufunguo mmoja.

Paskalia akanyoosha kidole akabonyeza. Upepo wa mlimani ukaingia chumbani. "Paskalia mwanangu, habari za huko..." Aliacha mzee asalimie. Dakika ya kwanza. Ya pili. Dawa aliitaja katikati ya dakika ya tatu, Jumatano, chupa nyekundu, siku kumi na nne. Kila kitu wazi. Sufiani akanyoosha mkono azime.

"Acha," Paskalia alisema. "Bado dakika mbili. Hajamaliza."

Mzee akavuta pumzi. "Na jambo la pili, mwanangu, hili usimwambie mtu yeyote hapo ofisini. Hasa..."

Mlango ukafunguka.

Bwana Gervas alikuwa amesimama kizingitini. Shati jeupe limelowa jasho, kikao amekiacha, funguo mkononi. Hakuuliza nani kafungua kompyuta. Hakuuliza gari liko wapi. Hakumtazama Sufiani kabisa.

Alimtazama binti wa deki, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akaita jina lake, kwa upole wa kutisha.

"Paskalia. Umesikiliza mpaka dakika ya ngapi?"